Mbwa Akitazama Mlango

Afande alikuwa haruhusu mtu amwite mwenzake mbwa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia namsema vibaya hudhani alikuwa mtu wa matusi, na hakuwa. Siku moja getini mlinzi mwenzangu Bujiku aligombana na dereva wa lori, akamfokea, "Mbwa wewe!" Afande akatoka bandani na sufuria mkononi, akamsimamisha Bujiku juani kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

"Mbwa kakukosea nini?"

"Afande, namwambia huyu dereva."

"Nimesikia. Nakuuliza, mbwa kakukosea nini? Kachelewa zamu? Kasinzia lindoni? Mimi nina mbwa wanne hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia bibi yake amefariki."

Tulicheka kutwa nzima, maana Bujiku alikuwa ameshazika bibi watatu tangu mwaka uanze. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nampenda Afande wakati ule, tena sana, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo ninapomkumbuka.

Tulikuwa walinzi kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, njia ya kwenda Mwakitolyo. Malori yalileta marudio, ule udongo ambao wachimbaji wadogo wameshauosha mara moja, na mwenye mtambo, tuliyemwita Bosi, akaukamua upya kwa dawa zake. Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye ulinzi. Waliniajiri niwapekue mama ntilie na wanawake wa usafi wanapotoka, kwa sababu mwanamke hawezi kupekuliwa na mwanamume. Afande ndiye aliyekuwa mkuu wetu, na juu ya hapo alikuwa na mbwa wake.

Alikuwa mfupi, suruali ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mstari wake unaweza kukukata. Shingoni alivaa filimbi ambayo sikuwahi kuisikia ikilia. Alinuka vichwa vya sato, kwa sababu asubuhi kabla hajatupokea sisi alikuwa ameshawapikia mbwa ugali wa dona na vichwa vya samaki, akaukoroga mwenyewe, akaupuliza upoe. Akauonja pia! Nilimwona kwa macho yangu akionja chumvi. Sisi chakula chetu kilikuja mchana kwenye ndoo, maharage yameganda juu, na sikumbuki hata siku moja aliyoinama kukiangalia.

Alikuwa Mkatoliki wa kule Ushirombo, wa kusali kweli, lakini kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango. Hata kwenye kikao cha Bosi alikaa mlangoni. Bujiku alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba mlinzi anayekaa mbali na mlango ni mgeni. Nyumbani kwake, walisema waliofika, mlango wa mbele ulikuwa haufungwi mchana hata watu wakiwa shambani. Mtu huyo huyo kazini alitembea na funguo kumi na mbili kiunoni, na kila alipopita ulisikia tu makelele ya chuma.

Kitu alichokijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye ni mbwa anayetaka kutoka nje. Mnaweza kucheka. Kwetu mbwa anaishi nje, anafuatana na ng'ombe, akitaka kujisaidia anajisaidia. Nani amewahi kukaa amsome? Pale mtamboni ilikuwa tofauti. Mbwa walifungiwa ndani mchana, mmoja ofisini, mwingine stoo, mwingine kwenye ujia wa chumba cha dhahabu, na Bosi akikanyaga mavi ya mbwa mtambo mzima ulipata shida. Kwa hiyo Jumatatu baada ya gwaride tulikuwa na darasa, watu wazima na virungu vyetu, tukifundishwa namna mbwa anavyoomba.

Alifundisha kwa ukali wa mwalimu wa hesabu. Kwanza, alisema, mbwa huacha alichokuwa anakifanya. Kama alikuwa anacheza anaacha katikati, kama amelala anaamka bila kuitwa. Halafu anaanza kunusa sakafu na kuzunguka pale pale. Ukifika hapo umeshachelewa, fungua mlango kwanza, maswali baadaye. Lakini kabla ya hapo kila mbwa ana namna yake, na kazi yetu ilikuwa kuijua. Popi alichukua kiatu cha mtu akakipeleka mlangoni. Sista alilia kwa puani, sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Kamanda, lile dume jeusi lililotisha malori, halikulia wala kukwaruza. Lilikwenda likakaa mbele ya mlango, likaupa uso, likatulia.

Na Babu. Babu alikuwa mzee, macho yana ukungu, miguu ya nyuma imelegea. Kwa Babu Afande alishusha sauti.

"Huyu haombi kwa kelele. Analamba midomo, anatazama mlango, anakutazama wewe. Ukimkosa, atarudia mara moja. Mlango, halafu wewe. Basi. Hakuna ya tatu. Baada ya hapo atatazama chini, na akishatazama chini ujue anakwenda kujichafua na anajua kwamba anajichafua. Aibu anayo. Msiniambie mnyama hana aibu."

Alitufundisha pia kwamba mbwa akirudi kutoka nje lazima aambiwe neno. "Mwambie 'vizuri'. Nyama haihitajiki, mwambie tu vizuri. Kaomba, umemsikia, mmemalizana. Ukinyamaza atadhani amekusumbua, na kesho hataomba."

Niliyashika yote hayo. Nilikuwa mwanafunzi wake bora, alisema mwenyewe mbele ya wenzangu, na nilifurahi kama mtoto.

Kuna siku Bosi alimpiga Babu teke la mbavu kwa sababu alikojoa ofisini. Tulisikia kilio chake mpaka getini. Afande aliingia ofisini bila kubisha hodi, mtu ambaye hata kalamu ya Bosi ilipoanguka alisimama wima kwa heshima. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia.

"Aliomba mara mbili, Bosi. Ulikuwa unaongea na simu."

"Unaniambia nini wewe?"

"Nakuambia aliomba. Wa kupigwa ni aliyefunga mlango."

Tulijua kazi imekwisha, Bujiku akaanza hata kubashiri nani atakuwa mkuu wetu. Lakini Bosi alicheka tu, akasema chukua mbwa wako. Afande akatoka amembeba Babu mikononi, mbwa mzito kama gunia la mpunga, na mkojo wenyewe ukimchuruzika kwenye ile suruali yake ya pasi. Wala hakuufuta. Siku ile ningemfuata Afande popote ambapo angeniambia twende.

Basi sikilizeni alichonifanyia mimi.

Siku za kuyeyusha dhahabu kulikuwa na sheria. Moto ukishawashwa hakuna mtu anayetoka mpaka dhahabu ipoe, ipimwe, Bosi aondoke nayo. Zamani kuna mfanyakazi aliyekwenda chooni katikati ya kazi akatoka na kipande, na tangu hapo choo kilikuwa kama mlango wa wezi. Wayeyushaji walifungiwa chumbani. Mlinzi mmoja na mbwa mmoja walifungiwa kwenye ujia nje ya chumba, katikati ya milango miwili ya chuma, na Afande alikaa nje na funguo zake, akituangalia kupitia kidirisha cha wavu.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu na Kamanda. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na hakuna aliyejua, kwa sababu mwanamke mwenye mimba pale mtamboni alikuwa anaambiwa arudi nyumbani akapumzike na hakuitwa tena. Walioijua mimba ile walikuwa mimi na kibofu changu. Tuliingia asubuhi. Jua lilipofika juu ya bati nilikwenda kidirishani.

"Afande, naomba kutoka mara moja."

"Moto unawaka."

"Najua. Ni haja ndogo tu. Nipekue nikitoka, nipekue nikirudi."

"Nani akupekue? Mpekuzi wa wanawake ni wewe. Subiri."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli. Nikasubiri. Nikarudi tena, nikamwambia Afande nimebanwa sana. Akasema yeye lindo lake la kwanza alisimama kutwa nzima, hakuomba maji wala choo, na mkuu wake alimsifia. Alilisema kwa fahari. Mara ya tatu nilishika wavu kwa vidole na nilimwita baba, si Afande. "Baba, nakuomba." Akasema, "Subiri."

Wakati bado nimeshika wavu, Kamanda akainuka alipokuwa amelala. Akaenda mlangoni, akakaa, akaupa mlango uso.

Funguo zikalia papo hapo. Papo hapo! Mlango ukafunguliwa kiasi cha mbwa kupita, Afande akaweka mguu wake kwenye nafasi iliyobaki ili mimi nisipite, Kamanda akatoka. Nilisikia akikojoa kwenye changarawe nje. Nilimsikia Afande akimwambia, "Vizuri." Mbwa akarudi ndani, mlango ukafungwa, na mimi nikiwa nimesimama pale pale mwili wangu ukakataa kusubiri tena.

Mkojo uliteremka miguuni ukaingia kwenye buti. Kamanda alisogea pembeni. Afande alitazama kupitia wavu, akatazama sakafu, halafu akanisukumia tambara kwenye ule upenyo wa chini ya mlango.

"Hata Kamanda hajawahi," akasema.

Nilipiga magoti nikafuta. Nilikaa na nguo mbichi mpaka jioni ilipokaribia, wayeyushaji walipotoka mmoja mmoja wakipita mbele yangu wakitazama pembeni. Bujiku ndiye aliyevua koti lake la mvua, siku haina hata wingu, akanifunga kiunoni, na mtani yule hakuwahi kulifanyia mzaha jambo lile. Kesho yake sikurudi. Sare yao niliipeleka getini imefuliwa.

Watu husema muda unaponya. Mimi ulinipa nafasi tu ya kufikiri vizuri. Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Kama angekuwa mkorofi wa kawaida, mlevi wa madaraka, ningelia nikasahau. Huyu alijua. Alijua aibu ya mbwa mzee ni kitu gani, aliweza kumkabili Bosi kwa ajili yake, na mimi niliyesema kwa mdomo, kwa Kiswahili, mara tatu, aliniona ni mtu wa kusubiri kwa sababu yeye naye aliwahi kusubirishwa. Hasira hiyo nilijifungua nayo, nikamnyonyesha nayo binti yangu Neema, nikahamia nayo Nyahanga nilipopata cherehani na kibaraza cha kushonea. Nilikuwa nikipiga cherehani namjibu. Nilikuwa na jibu lake tayari limekaa mdomoni miaka yote: siku moja utaniomba kitu, Afande, na nitakuambia subiri.

Neema yuko darasa la tatu sasa. Mwezi uliopita wanawake wa jumuiya moja ya Kikristo pale Nyahanga walinipa kazi ya kuwashonea sare za kitenge, na Jumamosi asubuhi nikazipeleka nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mama Kelvin, ili wajaribishe baada ya sala. Nilikuwa namfahamu kama mteja tu. Sebule ilikuwa imejaa akina mama kwenye makochi na mikeka. Nikawasalimu, nikatafuta pa kuweka mfuko wangu, na kwenye kiti cha plastiki ukutani nikamwona.

Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Chini yake walikuwa wametandika mfuko wa nailoni, unaonekana kabisa kila anapojitikisa, na suruali haikuwa na mstari wowote. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo la juu.

"Huyo ni baba yangu," Mama Kelvin akaniambia aliponiona nimesimama. "Msalimie tu, hajibu. Kiharusi kilichukua maneno yote."

"Shikamoo," nikasema. Sikuongeza Afande. Jicho lake zima lilinitazama, na sijui kama alinijua.

Tulikaa. Mama Kelvin si mtu mbaya, nataka ieleweke, amechoka. Alitusimulia huku akipima mikono ya gauni lake, baba akiwa pale pale anasikia, kwamba mzee hujichafua mara tatu, mara nne kwa siku. "Daktari anasema kibofu kizima, kichwa kizima. Ni makusudi tu. Angeshindwa hata kuguna? Juzi nilimpigia kelele mpaka nikaenda kuungama. Na nikiacha mlango wazi anajikokota anaanguka barazani." Akina mama wakasema pole. Mmoja akasema wazee hurudi utotoni.

Mimi nilikuwa nimeinama na pini mdomoni, naweka sawa pindo la mtu. Nilipoinua macho Afande alikuwa analamba midomo.

Akatazama mlango. Akanitazama mimi.

Nataka niseme ukweli hapa kwa sababu nimewasema wengine. Niliona, nikaelewa palepale, na nilikaa. Nilikaa na pini zangu mdomoni. Lile neno nililolifuga miaka yote lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, na moyo wangu ulifurahi. Sebule imejaa wanawake, nailoni iko chini yake, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua anasema nini. Nikamtazama usoni ili ajue kwamba nimemwona.

Akalamba midomo tena. Mlango. Halafu mimi.

Hakuna ya tatu. Nilijua hakuna ya tatu, alinifundisha yeye mwenyewe na filimbi yake shingoni. Jicho lake lilianza kushuka kwenda chini, taratibu, na nilipoliona likishuka nilitema pini kwenye mkeka nikasimama kwa kishindo mpaka mtu akasema, "Yesu wangu!"

"Naombeni nipite."

Nilivuta komeo, nikamshika kwapani, nikamwinua. Hakuwa mzito. Mama Kelvin aliita, "Mama Neema, unampeleka wapi?" Tulivuka ua mguu wake mmoja ukichora mstari kwenye vumbi, kuku wakitukimbia, na nilikuwa namsukuma kidogo, nakiri, nilikuwa namsukuma kuliko ilivyohitajika. Nilimfungulia choo, nikamfungulia zipu, nikamgeuzia mgongo nikashika mlango kwa mkono nyuma yangu. Nikasikia. Ulikuwa mwingi, na uliishia mahali pake.

Alipotoka alisimama kizingitini hakusogea. Nikamvuta, akakaza. Nilidhani ni mguu. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama tu, ametulia, kama wanavyosimama wakirudi kutoka nje na wewe hujasema kitu.

Sikutaka kulisema. Lile neno siku ile alilitoa kwa Kamanda, mimi akanipa tambara. Nilisimama pale uani kwa mtu, jua linanipiga utosini, nimekunja ngumi, na yeye anasubiri. Angeweza kusubiri mpaka jioni, alishazoea.

"Vizuri, Afande," nikasema.

Uso wake upande ule mzima ukatetemeka. Machozi yakatoka kwenye macho yote mawili, hata lile lililoshuka. Alinijua au alilijua neno tu, sitapata kujua, na wala hakuweza kuniambia. Alinyanyua mguu tukarudi.

Mama Kelvin alikuwa mlangoni na dekio mkononi. "Ameshajikojolea?"

"Hapana. Aliomba."

"Aliomba vipi? Baba hasemi."

Nikamkalisha mzee kwenye kiti, ile nailoni nikaivuta nikaikunja nikaiweka juu ya kabati. Nikamwambia Mama Kelvin apige magoti mbele ya baba yake, akapiga. Nikamfundisha. Mdomo kwanza, nikamwambia, halafu mlango, halafu wewe. Anarudia mara moja. Ukimkosa anatazama chini na hapo usimlaumu, jilaumu. Kiti chake kihamishie karibu na mlango, hapo ndipo anapopapenda. Na akirudi mwambie vizuri. Kila siku. Usinyamaze.

Alinisikiliza huku amemshika baba yake goti, na akina mama wote wameacha kujaribisha nguo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miezi saba, Mama Neema. Miezi saba nampigia kelele. Wewe umejulia wapi haya? Uliwahi kuwa nesi?"

"Alinifundisha yeye. Tulikuwa kazi moja."

"Mlikuwa mnahudumia wagonjwa?"

Nikamtazama Afande. Alikuwa amenikazia jicho lake moja zima. Ningeweza kumwambia binti yake mbele ya jumuiya nzima tulikuwa tunawasoma akina nani, na ningeweza kuendelea na hadithi ya ujia na tambara.

"Tulikuwa walinzi," nikasema.

"Sasa mbona unalia?"

"Silii. Nina hasira."

Nikapiga magoti kuokota pini kwenye mkeka, moja moja, zisije zikamchoma mtu, na mlango nyuma yangu ulikuwa bado wazi.